Vijana wa U21 ya taifa: nianze na ulinzi wa nje au mtupo wa kuruka? Na senta wa sm 211 nimfanyeje?

Simba_wa_Kayole

Wadau wa BuzzerBeater, mchezo wetu wa mtandaoni wa kuendesha klabu ya mpira wa kikapu, hamjambo. Naomba mwongozo kabla mafunzo ya Ijumaa hayajapita. Nina vijana watatu wanaoruhusiwa kuchezea timu ya taifa ya U21 (wasiozidi miaka 21), na meneja wa timu hiyo ameniandikia akitaka kujua nitawafundisha nini. Yale majina ya viwango nimeyageuza kuwa tarakimu ili isomeke haraka.

Wa kwanza: miaka 18, sm 198, kipaji (dari ya kukua kwake) 8. Mtupo wa kuruka 6, mtupo wa mbali 5, ulinzi wa nje 5, kumiliki mpira 6, kupenya 6, pasi 4, mtupo wa ndani 4, ulinzi wa ndani 3, ribaundi 3, kuzuia mitupo 2.

Wa pili: miaka 18, sm 211, kipaji 9. Mtupo wa ndani 7, ulinzi wa ndani 6, ribaundi 7, kuzuia mitupo 4. Nje ni jangwa: ulinzi wa nje 2, pasi 2, kumiliki mpira 3, kupenya 3.

Wa tatu: miaka 19, sm 185, kipaji 5. Ulinzi wa nje 7, pasi 6, kumiliki mpira 7, mtupo wa kuruka 6.

Mkufunzi wangu ni ngazi 5. Kwa kuwa mafunzo humfikia anayecheza nafasi inayofunzwa, nifunze nafasi moja au mbili? Nianze na ujuzi gani? Huyu mrefu kweli nimchezeshe pointi gadi (mlinzi anayeongoza mpira) ili apate ujuzi wa nje, au nitakuwa naiua timu bure? Na nimpandishe mkufunzi hadi ngazi 7?

---

Rimu_na_Wavu

Mkuu, umefanya vizuri kuleta namba. Wengi huuliza "nimfunze nini" bila hata kutaja urefu.

Kwanza lielewe jukumu lako. Kocha wa Morans, timu halisi ya taifa ya kikapu ya Kenya, huita wachezaji kambini akawanoa mwenyewe. Meneja wa timu ya taifa humu hana kambi wala mkufunzi. Anachagua tu kile ambacho vilabu vimekwisha kupika. Kwa hiyo mpango wa misimu mitatu minne uko mikononi mwako, na unapaswa kuuhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Msimu una wiki 14, na ndio mwaka mmoja wa umri wa mchezaji. Kijana wa 18 akiwa mwanzoni mwa msimu ana misimu minne hadi amalize umri wa 21, yaani wiki 56. Msimu wake mkubwa wa U21 ni ule wa mwisho, kwa hiyo mafunzo ya maana yawe yameingia kabla ya hapo. Ukiuondoa msimu huo unabaki na wiki 42. Hiyo ndiyo bajeti yako halisi.

Umri ukipanda, kasi ya mafunzo inashuka. Wiki moja akiwa na 18 ina faida kuliko wiki hiyohiyo akiwa na 21. Ndiyo maana ujuzi mzito, ule unaopanda polepole, huwekwa mwanzoni, na mwepesi huachwa mwisho. Wako wanaofanya kinyume kwa sababu inapendeza kuona namba zikiruka kila Ijumaa. Kuzuia mitupo, kwa mfano, hupanda upesi, na unaweza kuuongeza ujuzi huo hata akiwa mkubwa. Mtupo wa kuruka ukiuchelewesha hadi 21 hutaufikisha popote.

Kwa huyu wa sm 198 ningeanza na ulinzi wa nje, nafasi moja, pointi gadi. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kwa mlinzi wa kiwango cha taifa ulinzi wa nje ndio lango: akiwa na mtupo mzuri na ulinzi wa 7, meneja hamweki uwanjani dhidi ya nchi kubwa. Ya pili, urefu. Mfupi hupanda haraka ujuzi wa nje, mrefu hupanda haraka wa ndani, na 198 yuko katikati: anachelewa kidogo nje, lakini si mbaya. Mpeleke hadi 10 hivi, kisha uhamie mtupo wa kuruka.

Na mtupo wa mbali usiufunze peke yake kwa sasa. Kila wiki ya mtupo wa kuruka inamwagia kidogo mtupo wa mbali bila gharama. Zaidi ya hapo, ujuzi ulio ndugu huvutana: mtupo wa mbali ukiuacha utangulie sana mbele ya mtupo wa kuruka, kila ngazi inayofuata inakuwa nzito. Ni vivyo hivyo kwa kumiliki mpira, kupenya na pasi. Wapandishe kwa pamoja, usimwache mmoja akiwa 11 na mwenzake 4.

---

Dakika48

Hapo juu ni sawa, ila mpango mzuri hufa kwenye dakika, si kwenye chaguo la ujuzi. Ngoja nieleze hili kwa kirefu maana ndipo mafunzo mengi yanapotea.

Mafunzo kamili ni dakika 48 kwa wiki katika nafasi unayoifunza. Ukizidisha, huongezi kitu. Ukipungukiwa, unapunjwa. Wiki ina mechi tatu za klabu: mbili za ligi, Jumamosi na Jumanne, na moja ya kombe au kirafiki. Mechi moja ni dakika 48. Nafasi moja basi ina dakika 144, yaani wachezaji watatu kamili, na wewe unao watatu. Nafasi mbili ni 288, wachezaji sita, lakini kila mmoja anapanda polepole zaidi. Kwa mradi wa timu ya taifa, nafasi moja. Nafasi mbili ni za mtu anayekuza wachezaji wa kuuza, au pale ujuzi wenyewe hauna chaguo la nafasi moja.

Namna ya kuzipata hizo 48: kwenye orodha ya kikosi, jina la kijana liandike pointi gadi mistari yote mitatu, wa kuanza, akiba wa kwanza na akiba wa pili. Halafu hakikisha jina hilo halipo popote pengine kwenye orodha hiyo. Hapa ndipo watu huteleza. Akiwa pia akiba wa shuti gadi (mlinzi wa pili, mtupaji), kocha anaweza kumsogeza pale mwenzake akichoka au akiwa na faulo nyingi, na zile dakika za shuti gadi hazihesabiwi kama unafunza pointi gadi. Utaona amecheza 48 kwenye taarifa ya mechi, ufurahi, kumbe 37 tu ndizo za mafunzo. Soma dakika kwa nafasi, usisome jumla.

Pia ukishatolewa kwenye kombe, mechi ya tatu haiji yenyewe. Ni lazima utafute mpinzani wa kirafiki. Ukisahau, mmoja kati ya watatu amepoteza wiki nzima.

Upande wa fomu, jumla ya dakika za wiki, nafasi zote pamoja, ikae kati ya 50 na 70 hivi. Kijana aliyecheza 48 za mafunzo mpe kama 10 au 15 nyingine kwenye nafasi yake ya kawaida, basi. Ukimwanzisha mechi mbili kamili anafika 96, fomu inaporomoka, na meneja wa taifa atamwacha benchi hata kama ujuzi wake ni mkubwa.

Jambo moja la sisi wa Nairobi: Ulaya na Marekani husogeza saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. Ndani ya vipindi hivyo, muda wa mwisho wa kuweka kikosi unaweza kuhama kwa saa moja kwenye saa yako ya ukutani. Weka orodha ya kikosi usiku wa kuamkia mechi.

---

Boma_la_Senta

Kuhusu huyu wa sm 211 nataka kutofautiana kidogo na desturi ya humu ya kusema "kila mrefu aanze na ujuzi wa nje".

Inategemea unamlenga kwa timu gani. Kama ni timu ya wakubwa, ndiyo, anza na nje. Kipaji 9 kinampa nafasi ya kukua hadi miaka 25 na zaidi, na senta mwenye ulinzi wa nje wa 7, pasi 7 na kupenya 7 ni mali. Mshahara huhesabiwa kwa nafasi ile anayolipwa zaidi, na kwa watu wa ndani kinachopandisha bei ni ribaundi, ulinzi wa ndani na mtupo wa ndani. Ule ujuzi wa nje unamfanya bora uwanjani bila kuiumiza hazina kwa kiwango hichohicho.

Lakini kwa U21 una zile wiki 42. Ukitumia 20 kumpandisha mtu wa 211 ulinzi wa nje kutoka 2, ambao kwa urefu wake utapanda kwa kusuasua, utamfikisha miaka 20 akiwa bado na ribaundi 7. Nani atamwita? Senta wa U21 anahitaji mtupo wa ndani, ulinzi wa ndani na ribaundi vyote vikiwa vimepita 10 kwa mbali.

Njia ya kati ipo. Yale mafunzo ya mmoja kwa mmoja ya mafowadi hupandisha kupenya na kumiliki mpira, na yanagusa mitupo pia, ukiwemo wa ndani. Anayacheza akiwa fowadi mkubwa, nafasi ambayo haimwaibishi. Hayana chaguo la nafasi moja, lakini hayaiui timu. Mpe nusu msimu wa hayo, kisha umrudishe ndani: ulinzi wa ndani kwanza, maana unabeba na kuzuia mitupo kidogo, halafu mtupo wa ndani, ribaundi mwisho.

---

Rimu_na_Wavu

@Boma_la_Senta nakubali hesabu, sikubali kumpika kwa ajili ya U21 peke yake. Mchezaji wa kipaji 9 katika nchi ndogo haji kila rasimu (ugawaji wa vijana wapya kwa vilabu). Ukimpika kwa haraka ili atumike akiwa 20, anafika 24 hana ulinzi wa nje, na wakati huo kuurudisha ni mateso. Ningemwandikia meneja wa U21 na yule wa wakubwa, wote wawili, niwaulize wanamtaka lini. Wakijibu tofauti, mwenye timu ya wakubwa ndiye nimsikilize, maana atamtumia misimu mingi zaidi.

Na katika mechi ya kirafiki, kumchezesha pointi gadi dakika 48 hakukugharimu pointi hata moja ya ligi. Jumamosi na Jumanne anacheza wa 198 na wa 185, kirafiki anacheza huyu mrefu. Wote watatu wamepata mafunzo kamili ya ulinzi wa nje na timu haijaguswa. Msimu mmoja tu wa hivyo, akiwa 18, halafu ndani moja kwa moja.

---

Hazina_ya_Klabu

Mimi naongelea pesa, kwa sababu miradi mingi ya taifa huvunjika hapo.

Mkufunzi ngazi 5 anatosha. Ngazi 7 ni mshahara mkubwa, na mishahara ya wafanyakazi huongezeka kila wiki kadiri wanavyokaa. Tofauti ya kasi kati ya 5 na 7 ipo, lakini ni ndogo kuliko hasara ya kijana kupata dakika 35 badala ya 48. Ukiwa na ziada nenda 6. Usikope mustakabali kwa ajili ya 7.

Mishahara ya wachezaji husasishwa msimu mpya unapoanza. Katikati ya msimu kijana anaweza kupanda ngazi nane na bili isibadilike hata senti, kisha anaamka na mshahara mpya. Kadiria mapema. Huyo mrefu ndiye atakayekubana, walinzi huwa na bei nafuu.

Wa tatu, kipaji 5: huyo ana dari ya chini. Akifundishwa vizuri anaweza kuligonga kabla hajamaliza 21, na akishaligonga mafunzo yanakuwa ya kunyonyeshwa kwa kijiko. Kwa U21 bado anafaa sana, tena ana ulinzi wa nje 7 tayari. Lakini mpe wiki zako kwa malengo: ulinzi wa nje, pasi, kisha mtupo wa kuruka, na msimu wake wa miaka 21 ukikaribia kwisha muuze. Nafasi yake mpe kijana mpya wa 18.

---

Simba_wa_Kayole

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Nimeshawaandikia mameneja wote wawili. Swali moja limebaki: kijana akitolewa kwa faulo sita dakika ya 30, zile 18 zilizobaki zimepotea? Na wiki za stamina niziweke wapi?

---

Dakika48

Hazijapotea kama bado kuna mechi mbele. Dakika hujumlishwa kwa wiki, kwa hiyo yule unayemjali zaidi, kwako ni wa 198, mpe mechi ya Jumamosi, ya kwanza baada ya mafunzo. Akitoka na 30, mechi inayofuata unamwandika akiba wa kwanza wa pointi gadi nyuma ya mwenzake. Huwezi kupanga 18 kamili, ila akiba huwa anapata dakika za kutosha kusogea karibu. Mwenzake naye atapungukiwa kidogo. Mfidie kwenye mechi ya tatu. Ukimpa wa 198 mechi ya mwisho wa wiki, faulo ya sita ikija huna pa kukimbilia.

Na kumbuka aina ya mafunzo unaweza kuibadilisha hadi Ijumaa yenyewe. Majeruhi wakivuruga wiki, ukakuta dakika nyingi zimeangukia nafasi nyingine, badilisha ujuzi ufuate dakika zilizopo. Stamina nayo iweke kwenye wiki kama hizo, zile zilizokwisha kuharibika. Usiitolee wiki nzima nzuri ya kijana wa miaka 18.