Wakuu, mtoto ana vidonda mdomoni na hali kitu, naombeni ushauri

Mleta Uzi: Homa ilianza juzi. Jana vidonda kwenye ulimi na kaakaa, leo vipele viganjani na nyayoni. Analia, anasema koo linawaka. Nimpe antibayotiki gani?

Sindano: Kwa maelezo yako ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni virusi, antibayotiki haisaidii. Kwa kawaida huisha wenyewe siku 7 hadi 10. Pambana na maumivu na upungufu wa maji. Ana umri gani? Amekojoa lini?

Bi Mkubwa: Wazazi mko kwenye simu, watoto hawanawishwi mikono. Virusi hivyo hubaki kwenye kinyesi wiki kadhaa, sabuni kila ukibadilisha nepi!

Mleta Uzi: Shida ni kula. Hata uji wa moto anatema.

Sindano: Lazima ateme, moto unachoma. Chachu na chumvi pia. Chakula kisubiri; mpe maziwa baridi. Akigoma kikombe, sirinji isiyo na sindano: mililita 5 kila dakika 2 au 3, ielekeze shavuni, ukilenga kooni atapaliwa. Anza nusu saa baada ya parasetamo. Umri?

Mleta Uzi: Miezi 14, kilo 10.

Jicho Kali: Miezi 14 "anasema koo linawaka"? Hii chai.

Kibuyu: Na sukari imezidi 😂

Mleta Uzi: Anajishika shingo, maneno nimemwekea mimi. Jamani!

Sindano: Chai au si chai, kuna wanaosoma wana wagonjwa. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kilo: kilo 10 ni 150. Dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 6 (kama miligramu 144) kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini marufuku. Umeshampa nini?

Mleta Uzi: Jeli ya ganzi ya meno tu. Mara tano tangu alfajiri. Inamtuliza, sioni ubaya.

Sindano: Ina benzokaini au lidokaini? Chini ya miaka 2 hazifai. Benzokaini inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na koo likifa ganzi anapaliwa. Mtazame midomo na kucha: zimekuwa za bluu? Na mkojo?

Mleta Uzi: Midomo kawaida. Nepi ya usiku ilikuwa kavu. Ya sasa pia.

Jicho Kali: Mkuu, nafuta neno. Nenda.

Sindano: Hospitali sasa hivi, na hiyo jeli ibebe wasome kilichomo.