Picha ya mawindo kuondolewa bwaloni: mimi napinga, wewe je?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili. Mwaka 2019 chuo cha Hughes Hall, Cambridge, kiliondoa kwenye bwalo la chakula picha kubwa iliyotoka karakana ya Frans Snyders, mchoraji wa Antwerp aliyefariki mwaka 1657. Inaonyesha soko la ndege: mizoga imerundikana, mingine inaning'inia, na mbwa mzima anabweka. Baadhi ya wasiokula nyama walisema wanashindwa kula mbele yake. Jumba la makumbusho la Fitzwilliam, ambalo ndilo mwenye mali, likaiweka kwenye maonyesho yake ya sanaa na chakula.

Kwangu mimi, asiyekula nyama ndiye angekuwa wa kwanza kuitetea. Nyama ya dukani siku hizi huja imekatwa na kufungwa nailoni, haina macho wala manyoya. Wachoraji wale hawakuficha kitu. Mtazame hasa Jan Weenix wa Amsterdam: sungura ananing'inia kwa mguu, tumbo jeupe limeelekea kwenye mwanga, na manyoya yake karibu uyahesabu. Mtu hamchori mnyama hivyo bila kumkodolea macho muda mrefu, na mimi huko nakuita kumheshimu. (Kwetu kuku alichinjwa uani, sisi watoto tumemshika miguu. Siku hiyo hakuna aliyebakiza kipande sahanini.)

Hoja nzito ya upande wa pili naiona kwenye majivuno, wala si kwenye damu. Enzi zile kuwinda paa na bata maji kulikuwa haki ya mabwana wakubwa, na mfanyabiashara tajiri aliyetundika picha kama hizi sebuleni alikuwa anajitafutia ubwana. Kumgeuza mnyama aliyekufa pambo la utajiri kuna ubaya wake, nakubali. Lakini ubaya huo uandikwe pembeni ya picha, watu wausome wakiwa wanaitazama.

Mtaniambia makumbusho mtu huenda kwa hiari, bwaloni hana pa kukimbilia. Ni kweli, na ingehamishiwa ukumbi mwingine wa chuo hicho hicho nisingelalamika. Ila bwalo lolote linalopika nyama, halafu likaona vibaya kumtazama mnyama mwenyewe, linamsitiri nani hasa? Anayeona tofauti anijibu hapo.