Mrejesho: vayolini na viola bila piano, tumeshapiga

Wakuu, nilikuja kuuliza kama watu wawili, mimi vayolini na mwenzangu viola (dada mkubwa wa vayolini, sauti yake nzito zaidi), tunaweza kushika ukumbi jioni nzima bila piano. Jibu ni ndio, na watu hawakuchoka.

Tulifungua na dueti (kipande cha wapigaji wawili) ya Mozart K. 423, hiyo ni namba yake kwenye orodha ya kazi zake, ya 1783, na yule aliyenijibu kwamba viola humo sio msindikizaji alikuwa sahihi kabisa, jamaa anapokezana melodi na wewe muda wote, ukizubaa anakufunika.

Ushauri uliotuokoa zaidi ni wa kukaa. Tulikuwa tunatazamana uso kwa uso, kumbe viola ikiwa upande wa kulia wa watazamaji matundu yake ya kutolea sauti yanaangalia ukuta wa nyuma na sauti yote inaishia huko, basi mwenzangu akageuka kidogo kuelekea ukumbini na ile nyuzi yake nene ya C ikaanza kusikika hadi viti vya mwisho.

Tyuning nayo: mkivuta kila kwinti (umbali wa noti tano kati ya uzi na uzi wa jirani) iwe safi kabisa, uzi wangu wa juu wa E ukikutana na C yake inakuwa juu mno, inakera sikio. Tukazibana kwinti kidogo kidogo, ikakaa.

Tulifunga na Passacaglia (wazo moja fupi linalorudiwa na kubadilishwa) ya Handel, ile ambayo mtunzi wa Norway, Halvorsen, aliiandika upya kwa vayolini na viola, ukumbi ukalipuka, ila aisee ile ni mazoezi ya viungo, msiiweke mwisho kama mkono umeshachoka. Aliyependekeza dueti ya Martinů, mtunzi wa Kicheki, tumeanza kuisoma sasa hivi, ridhimu zake ni balaa.