Popo wa darini na virusi vipya
Mpangaji wa Kasarani: Wanajamvi, kila jioni popo hutoka kwenye ufa ulio chini ya bati letu. Wanasayansi hugunduaje virusi vipya kwa wanyama hawa, nami niwafukuze?

Mtu wa maabara: Ndugu, popo hunaswa kwa nyavu laini, hupanguswa kinywa kwa pamba, kisha huachiliwa, maabara nayo husoma chembe za urithi za virusi zilizo kwenye pamba hiyo na kuzilinganisha na za virusi vinavyojulikana. Ndivyo virusi vya Bombali, jamaa wa Ebola, vilivyogunduliwa Sierra Leone na kutangazwa mwaka 2018, kabla ya kupatikana pia kwa popo wa milima ya Taita, Kenya.

Jirani wa Roysambu: Hata hivyo, kupata chembe za urithi za virusi si kuthibitisha kwamba vinaleta ugonjwa. Usiwaue, ziba ufa wakishatoka, ila si msimu wa watoto wao, na ulowanishe kinyesi kabla ya kukizoa ili vumbi lisiruke.

Mpangaji wa Kasarani: Asante, nilikuwa nimeshika ufagio mkavu.