Gemu za kuruka darasani: Wii, Kinect, Switch au video tu kwenye projekta?

mwl_chaki
Wakuu, naomba ulinganisho. Darasa la 4, wanafunzi 52, hisabati vipindi viwili mfululizo kuanzia saa 5 asubuhi. Ikifika dakika ya 40 ni kuchokozana, kuomba ruhusa ya chooni na kusinzia. Projekta ipo, spika ipo. Ninunue mashine gani ya gemu ya mtumba kwa mapumziko ya dakika 5?

fundi_waya
Kinect, kamera ya mashine ya gemu ya Xbox inayosoma miondoko ya mwili, iondoe kwanza. Microsoft iliacha kuitengeneza 2017, na ile ya Xbox 360 inafuatilia wachezaji 2 tu kwa wakati mmoja, tena wakiwa kama mita 2.5 kutoka kwenye kamera. Inaona kwa infraredi, hivyo jua likipiga dirishani inampoteza mchezaji. Angalia na adapta: Xbox 360 za umbo la kwanza zinahitaji adapta ya umeme ya Kinect yenyewe, na wauzaji wengi wa mtumba wanakupa kamera tupu.

Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ni ya kale (2006) lakini ngumu. Ile sensa ya juu ya skrini inahitajika kwa kuchagua menyu tu. Ukishaingia kwenye Just Dance, gemu ya kuiga dansi ya kwenye skrini, rimoti inapima mtikisiko wa mkono wa kulia, basi. Maana yake darasa zima linaweza kumwiga mchezaji wa kwenye skrini huku rimoti ikiwa moja. Betri ni AA mbili kwa kila rimoti; kamba ya mkononi ivaliwe, la sivyo rimoti itaruka na kutua kwenye skrini.

Switch, mashine mpya zaidi ya Nintendo, ni nzuri zaidi kwa picha na kwenye Just Dance inaingiza wachezaji 6. Ila usidanganyike na Ring Fit Adventure, gemu yake ya mazoezi: ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa watoto 52 hiyo ni sinema.

Mama_Somo
Mimi napinga mashine yoyote kwa idadi hiyo. Kinachotuliza darasa ni miili yote 52 kutikisika kwa pamoja. Wakicheza 4, waliobaki 48 wanashangilia, wanagombea zamu, na unarudi kwenye hisabati na fujo kubwa kuliko uliyoanza nayo. Tafiti nyingi za mapumziko haya hazikuhusu gemu kabisa. Ule wa North Carolina wa 2006 ulitumia mazoezi mepesi ya dakika 10 darasani, na utulivu wa watoto kwenye kazi ya darasani ulipanda kwa takriban asilimia 8. Pakua video ya kuruka ya dakika 3 hadi 4, weka kwenye flashi, maliza.

kocha_pwani
Kweli, ila wavulana wakubwa kidogo huona haya kucheza video isiyo na pointi. Alama zinawavuta.

Mama_Somo
Zinawavuta, halafu zinawagombanisha. Kama lazima ziwepo, ziwe za darasa zima: leo tumepata ngapi, jana ngapi. Rimoti ishikwe kwa zamu kwa kufuata orodha ya mahudhurio. Na usimtoe mtoto msumbufu nje ya mchezo kama adhabu. Huyo ndiye anayeuhitaji kuliko wote.

kocha_pwani
Naongeza mpangilio, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Washa projekta kabla ya kipindi na ufiche picha kwa kitufe cha kuzima picha. Kuwasha na kuzima taa yake kila mara kunaifupishia maisha. Menyu ipite wakati watoto wananakili zoezi. Wasimame pembeni ya madawati, mikono ikinyooshwa isimguse jirani. Wimbo mmoja tu. Kisha dakika nzima ya kupumua taratibu wakiwa wamekaa, kichwa juu ya dawati, sauti ikiwa imezimwa. Ukiiruka dakika hiyo usilaumu gemu.

Wenye pumu na seli mundu wacheze kwa kiasi chao, maji yawe karibu. Mwezi wa Ramadhani badili kuruka kuwe kujinyoosha. Na huku kwetu wazazi wengine hawataki dansi. Waonyeshe video kabla.

mwl_chaki
Nimekuelewa. Nitajuaje kama inafanya kazi na si hisia zangu tu?

takwimu_ubaoni
Chagua watoto 6, watatu wasumbufu na watatu wa kawaida. Kila sekunde 10 mtazame mmoja: yuko kwenye kazi, andika moja; hayuko, sifuri. Mzunguko mmoja ni dakika 1, hivyo dakika 10 zinakupa rekodi 60. Fanya hivyo baada tu ya dakika ya 40, siku 5 bila mapumziko na siku 5 ukiwa nayo, somo lile lile, saa ile ile. Mwombe mwalimu mwenzio ahesabu. Anayefundisha hawezi kufanya yote mawili.

fundi_waya
Basi usinunue kitu bado. Anza na flashi wiki mbili, hesabu, kisha njoo na namba tuzungumzie Wii. Na wafundishe miondoko miwili mitatu waikariri, maana umeme utakatika katikati ya wimbo.