Napoli na Campania: ni mji, wilaya au mkoa? Na Pompei inafikiwaje?

mzururaji_tz:
Wakuu, habari zenu. Napanga siku nne Napoli na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Huku wanasema ina watu laki tisa, kule milioni tatu. Halafu Pompei, Sorrento, Amalfi na Caserta: zote ni Napoli? Nikilala Napoli nazifikia bila kukodi gari?

Babu Ramani:
Takwimu zote mbili ni sahihi, mkuu. Manispaa ya Napoli ina watu laki tisa na ushee. Ukijumlisha manispaa nyingine zinazoizunguka unapata Jiji Kuu la Napoli, lililochukua nafasi ya wilaya ya zamani mwaka 2015, na hapo ndipo milioni tatu zinapotokea. Juu yake kuna mkoa wa Campania, ambao Napoli ndiyo makao makuu yake. Wilaya nyingine ni Caserta, Benevento, Avellino na Salerno. Zaidi ya nusu ya watu wa mkoa mzima wamebanana kwenye eneo la Napoli, ambalo ndilo dogo kuliko yote matano, kwa hiyo usitegemee mji tulivu.

Pompei na Sorrento zimo ndani ya Jiji Kuu la Napoli. Amalfi na Positano ni Salerno, ingawa wauza safari huzitaja zote kwa mkupuo mmoja. Caserta ni wilaya yake. Jumba la kifalme la huko lilianza kujengwa mwaka 1752 kwa michoro ya Luigi Vanvitelli, maana Napoli ilikuwa makao ya wafalme hadi Italia ilipoungana mwaka 1861.

reli_na_gati:
Gari la nini? Litakutesa tu. Ila stesheni zina mitego.

Ukitoka Roma kwa treni ya mwendokasi ni kama saa moja na dakika kumi, lakini soma tiketi: iandikwe Napoli Centrale. Napoli Afragola iko nje ya mji, na metro haifiki huko.

Pompei unakwenda kwa Circumvesuviana, treni za mitaa za kuzunguka Vesuvio. Inaendeshwa na EAV, kampuni ya usafiri ya mkoa, kwa hiyo tiketi ya Trenitalia, shirika la reli la taifa, haifanyi kazi. Wengi hupandia Garibaldi, chini ya Centrale, na treni hufika hapo imeshajaa. Panda Porta Nolana, inakoanzia, upate kiti. Chagua inayokwenda Sorrento, ushuke Pompei Scavi–Villa dei Misteri. Lango la magofu ya mji wa kale liko hatua chache tu. Ukipanda ya Poggiomarino utashukia Pompei Santuario. Hujapotea, utatembea hadi lango la upande wa uwanja wa michezo wa Kirumi. Shika begi mbele ya kifua.

Tiketi za magofu zinazotolewa hazizidi 20,000 kwa siku na zina jina la mnunuzi, kwa hiyo beba pasipoti. Jumanne iweke kwa ajili ya Pompei, kwa sababu siku hiyo jumba la Caserta hufungwa, na Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli pia. Na hayo makumbusho usiyaruke: michoro ya ukutani na mozaiki bora za Pompei ziko huko.

Caserta ni rahisi, jumba linatazamana na stesheni. Amalfi haina reli kabisa: treni hadi Salerno, kisha basi, au boti wakati wa msimu.

Babu Ramani:
Niongeze kuhusu volkeno, maana watu huangalia Vesuvio peke yake. Ina mita 1,281 na ililipuka mara ya mwisho mwaka 1944. Tiketi ya kupanda hadi kreta nunua mtandaoni kabla, usitegemee kuipata mlimani. Inayowanyima usingizi wenyeji siku hizi ni Campi Flegrei, magharibi mwa mji, ambako ardhi ya Pozzuoli inapanda taratibu na kuleta mitetemeko. Si jambo jipya. Kwenye soko la kale la Kirumi pale Pozzuoli kuna nguzo tatu za marumaru zenye ukanda wa vitundu, juu kabisa ya kichwa cha mtu. Vilitobolewa na kombe wa baharini: ardhi ilizama hadi nguzo zikawa majini, kisha ikainuka tena.

mzururaji_tz:
Nimewaelewa, shukrani sana. Swali la mwisho: kwenda kisiwa cha Capri napandia gati gani?

reli_na_gati:
Boti za kasi ni Molo Beverello, mbele ya ngome ya Castel Nuovo. Vivuko vikubwa vinavyobeba magari ni Calata Porta di Massa. Bahari ikichafuka, boti za kasi ndizo husimamishwa kwanza, kwa hiyo usiende Capri siku ile ile ya ndege yako.