Tupeane uzoefu: bustani na kazi za mikono za nyumbani Dodoma, mvua zikishakata

Mleta uzi (Nkuhungu)

Wakuu, habari za jioni. Mimi mtu wa Rombo, uhamisho wa kuja makao makuu ndio ulionileta huku mwaka 2017. Kwetu ukimwaga maji ya kuoshea nyanya nyuma ya jiko, baada ya wiki mbili una kitalu cha nyanya. Kwa hiyo nilipopata kiwanja Nkuhungu sikuuliza mtu. Nikainua matuta manne, marefu, yamenyooka kama ya mama yangu, nikasia chainizi na figiri. Ilikuwa Juni.

Namwagilia alfajiri, ikifika saa sita tuta limekauka mpaka linapasuka. Madumu sita kwa siku, na siku za mgao nanunua kwa mkokoteni. Upepo wa Agosti ukaja kumalizia. Nilipopiga hesabu, fungu langu moja la chainizi lilikuwa limenigharimu kuliko mafungu manne ya soko la Majengo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuja kunichimbia shimo la choo. Alisimama pale akayatazama matuta, akacheka mpaka akaegemea sururu. Akaniambia huku tuta linachimbwa, haliinuliwi. Kesho yake tukachimba pamoja: kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, chini majani makavu, juu yake samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, kisha udongo unarudishwa lakini unaachwa chini ya usawa wa ardhi kama kiganja kimoja. Upepo unapita juu, maji yanabaki kwenye mizizi. Kutoka madumu sita nikashuka hadi mawili, mboga zile zile.

Ubaya wake niliujua Januari. Ilinyesha usiku mmoja, asubuhi matuta yangu yalikuwa mabwawa na spinachi zinaelea. Siku hizi Novemba nachimba mfereji wa kutolea maji.

Sasa ninyi wenzangu, tangu mvua zikate Aprili mpaka zirudi Desemba, nyumbani mnafanya nini? Bustani, kazi za mikono na watoto, kujengajenga, chochote. Tupeane uzoefu, na waliofeli ndio ninaowasubiri zaidi.

Viroba Vitatu (Ipagala)

Aisee mkuu, sisi wapangaji hatuna pa kuchimba. Mimi nilifanya bustani ya kiroba. Unaweka kopo lisilo na kitako katikati, unalijaza kokoto, pembeni udongo na samadi, unavuta kopo juu na kujaza tena mpaka kiroba kinajaa. Kokoto zinabaki kama nguzo, maji yanashuka mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu unapachika miche. Viroba vitatu vya sukuma na mchicha, watu wanne tulikula miezi mitatu bila kwenda gengeni.

Nikafeli wapi? Jua. Viroba vya plastiki jua la Dodoma linavila. Mwezi wa tano nikagusa kimoja kikachanika kama karatasi, udongo wote mlangoni kwa mwenye nyumba. Tangu hapo natumia ndoo kuukuu za rangi, nazitoboa chini. Na kama samadi ya mbuzi ni mbichi, usijaribu. Iliunguza miche yangu yote ya kwanza, nikadhani nimerogwa.

Fundi Bomba (Kisasa)

Watu wanalalamikia maji huku wana bati juu ya kichwa. Hesabu ni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma mwaka wa kawaida ni kama milimita 570. Paa lako likiwa mita za mraba 80, unapitiwa na lita zaidi ya 45,000. Toa robo yake iliyomwagika na kukauka, bado una zaidi ya 34,000.

Shida ni pa kuyaweka, maana yanakuja yote kwa miezi minne. Simtanki ya lita 5,000 inajazwa na milimita 63 tu. Lakini mleta uzi umesema madumu mawili kwa siku, yaani lita 40. Tangi moja lililojaa Aprili linakufikisha karibu na mwisho wa Agosti. Mimi mwaka wa kwanza nilisahau kufunika mdomo wa tangi kwa wavu. Nilifuga mbu.

Mzaramo wa Kuhamia

Mimi nimefeli kila kitu. Nimebaki na mwarobaini mmoja, na wenyewe niliukuta.

Mama Pingili (Ilazo)

Niwape ya zabibu, maana kila mgeni wa Dodoma lazima apande zabibu. Mume wangu alileta pingili nne kutoka Hombolo, akazipanda karibu na maji ya jikoni yanapotokea, akajenga chanja ya miti ili baadaye tupate kivuli cha kukalia. Mwaka wa kwanza majani. Wa pili majani, kivuli kizuri kweli, zabibu hakuna hata moja. Majirani wanapita wanauliza, "Mama, hiyo ni zabibu au ni pambo?"

Akaja shemeji yangu anayefanya kazi za vibarua mashambani. Alichukua mkasi akakata kila kitu, mizabibu ikabaki kama fimbo za mchungaji. Nilimnunia, sikumpa hata chai. Kumbe mzabibu unazaa kwenye machipukizi mapya, usipoupogoa unajilea wenyewe tu. Baada ya wiki mbili ukachipua, na mashada yakaonekana pamoja na majani. Kutoka kukata mpaka kuchuma ilichukua kama miezi minne.

Tulikata Oktoba, kwa hiyo zikaiva Februari, katikati ya mvua. Ukungu ulishika nusu ya mashada. Sasa mavuno ninayoyategemea ni ya kiangazi: napogoa Aprili, nachuma Agosti, jua kali, tamu mpaka nyuki wanagombana nasi. Kabla ya hapo unapulizia salfa mapema, usisubiri uone unga mweupe. Shemeji sasa anakunywa chai, na anabeba na zabibu.

Chumvi Nyingi (Nzuguni)

Sisi kisima chetu kina chumvi. Maharage niliyopanda yaliungua kingo za majani kama yamepitishwa motoni, juu ya udongo ukabaki utando mweupe. Spinachi ndiyo inayovumilia. Kitu kingine, wale wanaotandaza nyasi kavu juu ya udongo ili usikauke, na mchwa je? Nilizungushia mlimao wangu nyasi mpaka shinani. Mchwa walimaliza nyasi wakaendelea na gome. Acheni nafasi ya shubiri kuzunguka shina.

Mleta uzi

Hiyo ya mchwa nimeipata kwa uchungu mimi pia. Fundi, nimeshachukua hesabu yako, kesho naongea na mama watoto juu ya tangi. Mbona watu wa kazi za mikono kimya?

Mjukuu wa Mkonze

Naandika kwa niaba ya bibi yangu, yuko hapa pembeni anasema na mimi naandika, msinisahihishe.

Mbukwenyi wanangu. Ninyi mnapanda majani ya kuliwa kesho. Mimi kiangazi nina kazi mbili. Ya kwanza ni mlenda. Mvua zikiwapo tunachuma porini, tunauanika juani, tunautwanga, unakaa mwaka mzima kwenye chombo kikavu. Huu mnaouacha mpaka Agosti ndipo muanze kuulizia sokoni, mnauziwa vumbi. Upike na magadi kidogo na karanga, ugali uwe wa uwele.

Ya pili ni vibuyu. Mung'unye unapandwa Desemba pembeni ya ua, uache utambae wenyewe, usiumwagilie. Mei majani yanakufa. Hapo ndipo watu wa mjini wanapokosea, wanakata kibuyu kikiwa kibichi kwa sababu kimependeza, kinasinyaa na kuoza. Kiache mpaka kikonyo kikauke, ukikigonga kilie, ukikiinua kiwe chepesi.

Halafu unakata mdomo, unajaza maji na kukiweka mbali na nyumba. Siku kadhaa za kwanza kitanuka, vumilia. Nyama ya ndani ikishaoza unamwaga, unatia changarawe na maji, unampa mtoto atikise. Mtoto yeyote mwenye fujo hiyo ndiyo kazi yake. Suuza, anika, rudia mpaka maji yatoke safi. Cha maziwa unakifukiza kwa kijinga cha moto ndani. Kile kilichopinda shingo, pasua kwa urefu, unapata kata mbili za kuchotea maji. Mjukuu wangu huyu alikichora chake kwa msumari uliopashwa moto, akachora simu. Nimekitundika hivyo hivyo.

(Nilikuwa na miaka kumi, bibi, na ilikuwa redio.)

Viroba Vitatu (Ipagala)

Bibi shikamoo. Kibuyu kikiwa kichungu je? Nilipika mung'unye mwaka juzi, mkono wangu ulishindwa kuurudisha mdomoni.

Mjukuu wa Mkonze

Anasema marahaba. Anasema ulio mchungu haupikwi kabisa, utakuumiza tumbo. Huo ni wa vyombo, na mbegu zake usizichanganye na za mboga.

Kisiki Hai (Chamwino)

Mimi yangu fupi. Kiwanjani kulikuwa na visiki vinachipua kila mvua, mbuzi wanakula. Badala ya kung'oa, tukachagua machipukizi matatu yenye nguvu kila kisiki, mengine tukakata, tukafunga kitambaa chekundu ili watoto na wachungaji wajue huo una mwenyewe. Kila mwaka tunapunguza matawi ya chini. Mizizi ni ya zamani, imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo sijamwagia hata kikombe. Mmoja sasa umenipita kimo na kuku wanalala chini yake. Ile miche sita niliyonunua kwenye kitalu siku hiyo hiyo, mmoja tu uko hai.

Mleta uzi

Bibi, shikamoo na mimi. Mbegu za mung'unye wa vyombo naweza kuzipata wapi? Desemba si mbali, na nina mtoto wa fujo tayari.

Mjukuu wa Mkonze

Anasema marahaba mwanangu, mbegu ninazo, ziko juu ya jiko kwenye moshi. Uje na mfuko. Ila usije mchana, nitakuwa nimelala.